Waseme na Vidonge vya Bibi

Juzi daktari aliniandikia vidonge vya kifua, vidogo, vyeupe, vyenye mstari katikati, akaniambia nikishapata nafuu nianze kumeza nusu kwanza, nisiache ghafla. Nilipofika nyumbani nikakiweka kimoja juu ya kibao cha kukatia vitunguu, nikakibonyeza kwa kisu, kikavunjika, na unga wake kidogo ukabaki kidoleni. Nikaulamba bila kufikiri. Uchungu wake ulinishika nyuma ya ulimi na haukutaka kuondoka, nikalazimika kuvuta kiti na kukaa. Nilikuwa nimeuonja mara moja tu maishani, nikiwa mtoto kijijini Kasokola, siku nilipotaka kujua Bibi anamlisha mbwa wake kitu gani.

Nyie mliokulia upande wetu miaka ile mtakumbuka kuwa mbwa alikuwa mbwa tu. Alikula makoko ya ugali, alilala nje, alibweka, na akiugua aliingia porini kufa. Mbwa wa Bibi hakuwa hivyo. Alilala ndani, mlangoni mwa chumba cha Bibi, na jina lake lilikuwa Waseme. Babu alipofariki, watu walianza kusema mjane yule amechanganyikiwa, anaongea na mbwa kuliko anavyoongea na wakwe zake. Bibi akasikia, akamwita mbwa jina hilo, na kila alipomwita kwa sauti uani, majirani wote walipata jibu lao.

Waseme alikuwa jike la rangi ya kahawia, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu, na kila msimu nguruwe pori na nyani walikuwa wanatushinda. Waseme aliwaweza. Baba, ambaye ndiye mwana pekee wa Bibi aliyebaki nyumbani, hakuwa mtu wa kumsifu mbwa, lakini mahindi yakikomaa alikuwa wa kwanza kuuliza Waseme amekula au hajala.

Bibi alikuwa na pumu. Kifua chake kilipiga filimbi, na baridi ya Juni ikiingia alikaa kitandani ameegemea ukuta, mabega juu, akitafuta hewa kama mtu anayevuta kamba nzito. Hospitali ya Mpanda ikampa vile vidonge, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona Bibi akitwanga mpunga bila kusimama kupumzika. Baba alikuwa akivifuata mjini kwa baiskeli kila vilipokaribia kwisha. Bibi aliviheshimu kama sakramenti. Alivifunga kwenye pindo la kanga, na alimeza asubuhi baada ya uji, amefumba macho.

Msimu huo Waseme akaanza kujikuna. Alijikuna mpaka damu ikatoka, akajitafuna mkia, akajisugua ukutani mpaka udongo ukamomonyoka. Bibi alimwogesha kwa majani ya mwarobaini, akampaka mafuta ya mawese na jivu, wapi. Asubuhi moja nikamwona anavunja kidonge chake kwa meno, nusu anaimeza, nusu anaifinyanga ndani ya tonge la ugali na kumpa Waseme. Akanitazama. Akasema dawa iliyomrudishia yeye pumzi haiwezi kushindwa na mwasho wa mbwa, na kwamba jambo hilo ni letu wawili. Siku ile nilichukua chembe iliyodondoka mkekani, nikaionja, nikatema. Lakini haikupita muda Waseme akaacha kujikuna. Alilala usingizi mzito, miguu imenyooka, na Bibi akawa anamwangalia kwa furaha ya mtu aliyemponya mtoto wake.

Kilichofuata kilikuja polepole, ndiyo maana hatukukiogopa. Waseme alianza kunywa maji. Si kama mbwa anavyokunywa akitoka kukimbia. Alimaliza beseni lake, akaja kwenye debe la jikoni, akanywa mpaka nikasikia maji yakicheza tumboni mwake. Kisha akawa anakojoa ndani, yeye aliyekuwa na adabu kuliko sisi watoto. Njaa nayo ikamshika. Aliiba ugali wa moto jikoni, akala maganda ya karanga, akala hata sabuni ya Mama. Na tumbo lake likaanza kujaa, likashuka, likatanuka kila upande.

Mimi nikajua ana mimba. Sikuwa na shaka hata kidogo, kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo kabla ya kujifungua, anakula, anakunywa, anakojoa. Nikamtengenezea kitanda cha majani ya mpunga nyuma ya jiko. Nikawaahidi wenzangu shuleni watoto wa mbwa, mmoja mmoja, na waliokuwa wakininyima kamba ya kurukia wakaanza kunipisha. Nikangoja. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele, Waseme hakuzaa. Badala yake manyoya yakaanza kumtoka mbavuni, pande zote mbili, sawasawa. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, unaiona mishipa. Mwiba tu ukimgusa, palichanika, na kidonda hakikupona. Miguu ikawa myembamba chini ya lile tumbo. Alihema amekaa kivulini, ulimi nje, kana kwamba amekimbia kutoka Mpanda.

Na Bibi? Bibi alinenepa uso. Mashavu yakawa mviringo kama mwezi, yakang'aa. Tumbo lilitoka, mikono ikabaki vijiti, na ngozi yake ikawa inavilia damu kwa kuguswa tu. Watu walimwambia hongera, mwanao anakulisha vizuri. Ila mama mmoja jirani, aliyekuwa akija kuomba moto, aliwatazama siku moja wamekaa pamoja kibarazani, mbwa na Bibi, wote matumbo mbele, wote wakihema, akamwambia Mama kwa sauti ya chini kuwa wale wawili wana roho moja, na akitangulia mmoja, wa pili hatachelewa.

Alikuwa anasema tu, kama watu wazima wanavyosema. Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo. Nilikuwa darasa la pili, na tulikuwa tumefundishwa kanisani kwamba roho ni kitu cha kweli. Nikaelewa kwamba Mungu aliwagawia Bibi na Waseme roho moja, kama Bibi alivyogawa kidonge, na kwamba Waseme akifa, Bibi naye amekwisha. Sikumwambia mtu. Jambo la namna hiyo mtoto halisemi, kwa sababu akilisema anahisi amelisababisha.

Tangu siku hiyo nikaamua Waseme hafi. Mama alilalamika kuwa maji yanakwisha kabla ya kupika, na kisima hakikuwa karibu, akaagiza beseni la mbwa lijazwe asubuhi tu, basi. Nikamjibu kwa heshima kuwa maji ya Waseme nitachota mwenyewe. Nikajipatia debe dogo la mafuta, nikawa naondoka na wasichana wakubwa kabla jua halijachomoza, nikirudi naenda shule, nikitoka shule naenda tena. Utosi uliniuma mpaka nikazoea. Vidonda vyake niliviosha kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa, nikafukuza nzi kwa tawi. Nilijifunza kumtoa nje mara kwa mara kabla hajajikojolea, ili Mama asipate la kusema. Na chakula nilimpa kidogo kidogo, maana ukimpa kingi alikimaliza chote na bado akakutazama kwa macho ya kuomba.

Nguruwe hawakungoja apone. Waliingia shambani, Waseme akajaribu kuwafuata, akafika kwenye tuta la tatu akakaa chini. Tulipoteza kona nzima ya mahindi. Watu wakaanza kusema mbwa yule ana kichaa, na mgambo wa kijiji wakapita kumwambia Baba kwamba mbwa mgonjwa asipouawa na mwenyewe watamuua wao. Baba aliwaahidi kulishughulikia. Asubuhi iliyofuata aliingia kwa Bibi kuzungumza naye hilo, akamkuta na tonge mkononi na kipande cheupe kikichungulia ndani yake.

Sijawahi kumwona Baba akikasirika namna ile, na hakupaza sauti.

"Mama," alisema, "mimi naendesha baiskeli mpaka Mpanda kukufuatia dawa hii, na wewe unampa mbwa."

"Nampa nusu yangu," Bibi akajibu. "Ya kwako sijakuomba."

Baba akanyoosha mkono. Bibi akafungua pindo la kanga na kumpa vidonge vyote. Baba akasema kuanzia leo atavitunza yeye, na kila asubuhi atamletea kimoja na kusimama hapo mpaka akimeze. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alikuwa amemzika baba yake, na alikuwa anaogopa.

Siku chache tu baadaye Waseme alikataa chakula. Mbwa aliyekula sabuni alikataa uji wa maziwa. Akatapika maji. Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, anatetemeka, ufizi umekuwa mweupe, na nilipoinua mguu wake ukaanguka kama kitambaa. Bibi alikuwa amepiga magoti kando yake, na siku ile kifua chake mwenyewe kilikuwa kinapiga filimbi, kwa sababu ya kulia. Mimi sikujua kwamba ni kulia. Nilichosikia ni ile roho moja inakatika pande zote mbili.

Sikwenda shule. Nilijua bwana mifugo alikuwa kwenye josho la Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe ng'ambo ya mto, kwa sababu watoto wao walitusimulia darasani. Nikakimbia. Nilipochoka nikatembea, nikakimbia tena. Nilivuka mto maji yakinifika mapajani. Nilipofika, vumbi la ng'ombe lilikuwa limejaa kila mahali, na bwana mifugo, kijana mrefu mwenye viatu vya mpira, alikuwa akihesabu ndama na hakutaka kusumbuliwa. Nikasimama mbele yake nisiondoke. Alipouliza ninataka nini nikamwambia bibi yangu anakufa. Akanielekeza zahanati. Nikamwambia si zahanati, ni mbwa. Wachungaji wakacheka, yeye hakucheka. Aliinama, akaniambia nieleze kuanzia mwanzo.

Nikamweleza. Alifikiria kwanza ugonjwa unaoletwa na mbung'o, maana msitu wetu ulikuwa nao wengi, akauliza kama macho yamefunga ukungu. Nikasema hapana. Nikaendelea na maji, mkojo, njaa, tumbo, manyoya ya mbavuni. Siri ya kidonge nilikuwa nimeapa kuitunza, lakini Bibi alikuwa anakufa, nikaitoa. Hapo akaninyamazisha kwa mkono. Akaniuliza kidonge chenyewe kikoje, na anakipata tangu lini, na kama leo amepewa. Nikamwambia Baba amevichukua. Bwana mifugo akamwachia mwenzake ndama wale, akanipakia nyuma ya baiskeli.

Njia nzima nilishika mkanda wake nikisali.

Tulipofika Baba alikuwa amerudi kutoka shambani na alikuwa amesimama juu ya Waseme, jembe begani, akijiandaa kwa lile ambalo mgambo walitaka. Bwana mifugo alimwamkia Bibi, akapiga magoti, akamgusa mbwa ufizi na tumbo, akavuta ngozi yake kwa vidole viwili. Kisha akamwambia Baba alete kidonge.

Baba akasema ndicho kilichomharibu.

"Ndicho, kweli," bwana mifugo akasema. "Lakini sikiliza, mzee. Mwili wa mbwa unajitengenezea dawa kama hii wenyewe. Ukimletea ya hospitali kila siku, mwili unaona kumbe naletewa, unaacha kazi. Sasa umemkatia ya nje ghafla, na ya ndani bado imelala. Hana hii wala ile."

Baba alishusha jembe. "Kwa hiyo nimemuua."

"Bado. Lete kidonge."

Walikisaga, wakakikoroga na maji na sukari kidogo, na bwana mifugo akamdondoshea Waseme pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, huku mimi nikimshika kichwa. Tulikaa naye kivulini. Jua lilipoanza kuinama aliinua shingo. Kisha akatafuta maji, na mimi nilikuwa na maji.

Kabla ya kuondoka bwana mifugo alimtazama Bibi usoni kwa muda, akamwuliza kama uso huo ni wa siku zote. Baba akajibu kwa niaba yake kuwa amenenepa tu. Bwana mifugo akasema huo si unene, ni ugonjwa ule ule wa mbwa, na akamwonya Bibi asithubutu kuacha dawa wala kuipunguza kwa akili yake, bali aende Mpanda daktari ampangie. Miaka mingi baadaye nilikuja kusikia kwamba ugonjwa huo una jina la kizungu, Cushing, kwamba wapo mbwa wanaoupata wenyewe bila kupewa chochote, na wengine, kama wetu, huupata kwa dawa. Wakati ule nilisikia jambo moja tu. Mtu msomi amethibitisha kwamba Bibi na Waseme wana kitu kimoja.

Baba alimpeleka Bibi hospitali kwa baiskeli, akimsukuma kwenye vilima. Daktari akampunguzia kidogo kidogo, akamwongezea dawa nyingine ya kifua. Jambo ambalo Baba hakulisimulia, na ambalo Bibi alilisimulia kwa kila aliyepita, ni kwamba kabla hawajatoka hospitalini Baba alirudi mlangoni kwa daktari, akavua kofia, akamweleza daktari habari ya mbwa. Daktari alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akampa vidonge vya Waseme, vimefungwa kwenye karatasi yake peke yake.

Tangu hapo Baba ndiye aliyekuwa akivikata. Alitumia wembe mpya, juu ya sahani, ameshika pumzi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita karibu kwa sababu ya upepo. Nusu, kisha robo, kisha robo siku moja na siku inayofuata hakuna. Bwana mifugo alikuwa ametuambia Waseme akilegea turudi ngazi moja nyuma, tusione aibu, na tulirudi zaidi ya mara moja. Kuna wiki alizokuwa akisimama asubuhi na kuanguka mchana. Kuna wiki mwasho ulirudi, akajikuna tena, na Bibi akakaa juu ya mikono yake ili isivifikie vidonge. Tulimwogesha, tukamtoa viroboto mmoja mmoja, tukamfunika kidonda kwa kitambaa. Mgambo walipokuja Baba aliwaambia mbwa yuko kwenye matibabu ya serikali. Nadhani neno "serikali" ndilo lililowaondoa.

Dalili ya kwanza ilikuwa beseni. Jioni moja nilikuta maji yamebaki ndani yake. Nilikaa chini nikayatazama yale maji yaliyobaki, nikamwita Mama aje aone. Baadaye tumbo likapanda. Baadaye zaidi manyoya yakaota mbavuni, lakini si ya kahawia, yakaota meusi, laini kama ya mtoto, hivyo Waseme akaonekana kama amevaa koti la mtu mwingine. Bibi naye mashavu yalishuka, ile sura yake ya zamani yenye mifupa ikatokea tena, na waliompa hongera sasa wakampa pole. Kifua chake hakikupona. Alijifunza kuishi nacho. Na msimu uliofuata nguruwe walipoingia, Waseme alipita tuta la tatu, akapita la kumi, tukamsikia akibweka huko mbele ambako hatukumwona.

Aliishi misimu mingine kadhaa. Mimi niliendelea kuchota maji yake hata aliponywa kama mbwa wengine, kwa sababu sababu yangu haikuwa imekwisha. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, najua hesabu za sehemu, najua moyo unasukuma damu, lakini lile neno la jirani lilikuwa limekaa mahali ambapo masomo hayafiki.

Asubuhi moja ya mavuno nikamkuta Waseme chini ya dungu la kulindia mahindi, amejikunja, baridi. Hakuwa na jeraha. Alikuwa mzee tu. Sikumgusa. Niligeuka nikakimbia kuelekea nyumbani, nikakanyaga miiba bila kuisikia, na njia nzima nilikuwa najiambia nisiingie ndani kwanza, nimwite Mama aingie yeye.

Bibi alikuwa uani anapepeta mpunga.

Akauliza mbona ninahema hivyo. Nilimkumbatia, nikaweka sikio kifuani pake, na kile kifua kikapiga filimbi yake kama siku zote, juu na chini, juu na chini. Nikalia kwa nguvu. Yeye akadhani nimeshaanza msiba, akaweka ungo chini, akasema, "Waseme?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama ni mwenyewe tu, au ni chui, nikasema ni mwenyewe. Na hapo, kwa kuwa nilikuwa bado nimemshika na bado anapumua, nikamwuliza yeye anajisikiaje. Akashangaa. Nikamweleza yote, habari ya roho moja, jirani, maji, mbio za kwenda joshoni, miaka yote.

Bibi hakucheka. Alinipangusa uso kwa pindo la kanga.

"Kumbe yale maji yote," akasema, "ulikuwa unanichotea mimi."

"Nyie wote wawili," nikasema.

Akaingia ndani, akatoka na jembe. Tulikwenda shambani pamoja, polepole, kwa mwendo wake. Alichagua mahali kando ya msitu, upande walikozoea kuingilia nguruwe, akaanza kuchimba mwenyewe. Kila pumzi ilipomwishia alisimama, akashika mpini, akangoja kifua kitulie, akaendelea. Nilipotaka kumpokea aliniambia nikae kivulini, nimekwisha kubeba vya kutosha.